UZI: Pub ya kijijini Uingereza inayoendeshwa na Wanepali, Jumapili nyama ya oveni, siku zingine momo na wali dengu

Mpishi Kiherehere (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila uzi wa chakula cha Uingereza humu unaishia kwenye utani ule ule, Waingereza hawajui kupika, viazi na maharage ya kopo basi. Leo nawaletea kitu ambacho wengi wenu mlioko Bongo hamjakisikia na hata mlioko huku labda mnapita nje yake kila siku.

Nakaa Hampshire, vijiji vya pembeni ya Aldershot na Farnborough huku. Kuna pub moja ya kijijini, jina silitaji maana nitaambiwa nimelipwa. Jengo la zamani, dari fupi ukiwa mrefu unainama, moto wa kuni, mbwa wamelala chini ya meza, wazee na bia zao zile zisizo baridi. Ukutani kuna khukuri mbili zimepishanishwa, yale majambia yao yaliyopinda, na picha za wanajeshi. Mwenyewe ni mstaafu wa jeshi la Uingereza, Gurkha (ndo wanavyoitwa wanajeshi wa Kinepali kwenye jeshi hilo), ila jikoni bosi ni mkewe na mzee mwenyewe akiingia huko anaomba ruhusa.

Sasa sikilizeni wanavyofanya maana hapa ndo nilipowavulia kofia. Jumapili ni siku ya rosti ya Kiingereza (sio rosti yetu ya mchuzi wa nyanya, hii ni pande zima la nyama linaokwa oveni linakatwa slaisi): ng'ombe, kondoo, au kitimoto na ngozi yake iliyokauka ikawa ya kuvunjia meno. Viazi vya kuoka, karoti, kabichi, ile pudini ya Yorkshire ambayo ni uji wa mayai, unga na maziwa unamiminwa kwenye mafuta ya moto sana unaumuka unakuwa kama bakuli, halafu grevi (mchuzi mzito wa nyama) juu ya kila kitu. Saa sita mpaka iishe, na inaisha kweli, usipobuku unakula karanga.

Jumanne mpaka Jumamosi wanageuka Nepali. Dal bhat, yaani wali, dengu, mboga na achari, momo za kuku (madonge ya unga yaliyojazwa ndani, yanapikwa kwa mvuke), sekuwa za mbuzi (mishikaki yao), chow mein kwa ajili ya vijana. Jumatatu jioni, hii ndo siku yangu na nitaielezea baadae, wanafungua kwa menyu fupi sana.

Kwahiyo mchanganyiko upo lakini haupo kwenye sahani moja, upo kwenye wiki. Hilo ndo nataka tulijadili, maana naona migahawa mingi inayojiita ya kuchanganya tamaduni inakosea hapo hapo. Karibuni.

Kibatari

Siti ya mbele, nimekuja na maji yangu.

Tajiri Mtarajiwa

Mleta uzi mbona unatupiga chenga. Umesema mchanganyiko afu unasema hawachanganyi. Mi nimekula hizo fyuzheni, wanachukua chakula cha kawaida wanamwagia masala ya pakiti wanapandisha bei mara mbili.

Mpishi Kiherehere

Tajiri mkuu, ndo maana nikaleta uzi. Hawa hawakumwaga chochote. Mzee alinieleza kaunta siku moja, alipochukua ile pub wateja wa zamani walikuwa na swali moja tu, rosti itabaki? Hawakuuliza momo ni nini, hawakuuliza pilipili. Akawaambia Jumapili yenu sitaigusa. Na mpishi Mwingereza aliyekuwepo toka kwa mwenye pub wa mwanzo akamwacha aendelee na Jumapili yake. Ukishamhakikishia mzee wa kijiji kwamba viazi vyake vipo, Jumatano anakuja mwenyewe kuonja momo, tena anakuja na mkewe.

Lakini tusidanganyane, vitu vinavuka ukuta tu. Vinavuka pale ambapo majiko mawili yalikuwa tayari yanafanana:

Viazi. Waingereza wanachemsha kidogo, wanavitikisa kwenye sufuria mpaka nje vinachanika, wanavitupa kwenye mafuta ya moto. Mama yule anakaanga viazi na bizari nyembamba, uwatu na manjano. Jumapili kuna trei mbili, unachagua. Trei ya manjano ndo inaisha kwanza siku hizi.

Kondoo. Waingereza wanamla na sosi ya nanaa, siki na sukari. Wanepali wana achari ya nanaa yenye pilipili na ndimu. Ziko zote mezani.

Grevi. Hapa ndo kuna siri. Kuna kitu kinaitwa timur, kokwa ndogo za milimani huko Nepali, ukitafuna zinanukia kama ganda la ndimu halafu ulimi unakufa ganzi kidogo. Zinakaangwa kavu, zinasagwa, inawekwa pinchi moja kwenye grevi ya kondoo mwishoni kabisa. Wazee wanakula hawajui ni nini, wanasema tu grevi ya hapa ina kitu.

Na Jumatatu sasa. Nyama ya Jumapili ikibaki, Mwingereza kwa kawaida anaila baridi au anaisaga anafunika na viazi. Wanepali, hasa Wanewari wa bonde la Kathmandu, wana kitu kinaitwa choila, nyama iliyochomwa inakatwa vipande inachanganywa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, ndimu, halafu unachoma mafuta ya haradali mpaka yanatoa moshi unatupia uwatu na manjano unamwagia juu chwaaa. Inaliwa ya baridi au vuguvugu na chiura, mchele uliopondwa ukawa bapa. Kwao asili ni nyama ya nyati. Huyu mama anaitengeneza na kondoo wa jana aliyebaki. Hamna nyama inayofaa choila kama pande la oveni lililolala usiku kucha. Hiyo sahani haipo London na haipo Kathmandu, ipo pale Jumatatu jioni tu.

Kibatari

Hapo kwenye chwaaa umeniua mkuu 😂

babu_keya

Vijana nimesoma nikaona niweke neno. Baba yangu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walikuwa watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, walipita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, matope mpaka kiunoni na malaria, wakafika mto Chindwin mwezi wa Desemba. Magurkha walikuwa vita hiyo hiyo chini ya jenerali huyo huyo, Slim. Baba alikuwa akiwasifu kwa mambo mawili, ukimya wao usiku na kwamba walikuwa tayari kukaa chini kula na mtu yeyote.

Na kabla ya hapo walishafika kwetu. Novemba 1914 Waingereza waliposhuka Tanga na jeshi kutoka India wakachapwa na von Lettow, kamanda wa Wajerumani, na askari wake, na nyuki wakawamalizia, ndani ya lile jeshi kulikuwa na Kashmir Rifles ambao sehemu yao walikuwa Magurkha. Inasemwa hao ni kati ya wachache waliopigana vizuri siku ile. Kwahiyo msiwaone wageni sana.

Dogo wa Mbagala

Shikamoo babu. Asante kwa darsa. Sasa hawa watu wametoka Himalaya wakafikaje kwenye kijiji cha Hampshire mpaka wakamiliki baa? Au waliletwa kama wale walioletwa kujenga reli kwetu.

Wakili wa Kata (London)

Dogo hapana, hii ni stori ndefu nitaifupisha. Uingereza ilipigana na Nepali 1814 mpaka 1816, ikavutiwa na wale wapiganaji ikaanza kuwaandikisha toka 1815 vita haijaisha. India ilipopata uhuru 1947 vikosi vikagawanywa, sita vikabaki India, vinne Uingereza. Vya Uingereza vikakaa sana Malaya na Hong Kong. Hampshire walianza kuwepo miaka ya 70, kulikuwa na kambi Church Crookham karibu na hapo anaposema mleta uzi. Hong Kong iliporudishwa China 1997 makao yakahamia Uingereza moja kwa moja, baadae kikosi kikaenda Folkestone, Kent.

Ila kuishi ilikuwa shida. Mtu anatumikia jeshi miaka 15 akistaafu anarudishwa Nepali na pensheni ndogo kuliko mwenzake Mwingereza. 2004 wakaruhusiwa kuhamia waliostaafu baada ya Julai 1997 tu. Wazee wa kabla ya hapo wakaachwa nje. Ndo ikaja kampeni iliyoongozwa na mwigizaji Joanna Lumley, baba yake alikuwa afisa wa Gurkha Rifles. Tarehe 29 Aprili 2009 serikali ya Gordon Brown ikashindwa kura bungeni, 267 kwa 246, na mwezi uliofuata ikakubali, aliyetumikia angalau miaka minne ana haki ya kuhamia. Wazee wakaja wengi, Aldershot, Farnborough, Reading, Plumstead, Folkestone. Sensa ya 2021 imewahesabu Wanepali karibu laki moja England na Wales. Wengine wakafanya kazi za ulinzi, wengine kwenye nyumba za wazee, na wachache waliokuwa na akiba wakaangalia hizi pub zilizokuwa zinafungwa.

Bi Mdogo wa Makadara (Mombasa)

Jamani mimi nina maswali mawili nisije nikanunua tikiti ya ndege bure. Kwanza, Wanepali si Wahindu, ng'ombe wa Jumapili anapikwa na nani? Pili sisi Waislamu tunaingiaje hapo, nyama ya nguruwe na kaunta ya pombe chumba kimoja.

Mpishi Kiherehere

Dada yangu umeuliza vizuri. Nepali ng'ombe ni mnyama wa taifa, yumo kwenye katiba yao ya 2015, na kumchinja ni kosa la jinai. Ila Magurkha wengi wanatoka kabila za Gurung, Magar, Rai na Limbu, na huko utakuta Wahindu, Wabudha na wenye dini za mababu. Kwahiyo usiwaweke wote kapu moja. Hapa kwetu mama hagusi ng'ombe. Yule mpishi Mwingereza ndo anashughulika naye, ana rafu yake kwenye friji, ana kisu chake na trei yake, na grevi ya ng'ombe mama haionji, anamwamini mwenzake. Mzee anakula, mkewe anamwangalia tu.

Cha pili sitakudanganya, sio halali. Nimeuliza. Momo za mboga na dal bhat unaweza kula lakini jiko ni moja na mafuta sijui yanapita wapi. Kama unajali hilo, na una haki kujali, kuna migahawa ya Kinepali Aldershot mjini, uliza kabla ya kukaa.

Bi Mdogo wa Makadara

Haya, angalau umesema ukweli. Wengine wangeniambia "funga macho tu".

Msee wa Rongai (Kenya, sasa Birmingham)

Wacha nitie yangu hapa juu nimefanya kazi kwa hizi pub miaka kadhaa. Hii kitu si mapenzi ya chakula pekee, ni hesabu. Mwaka 2000 UK ilikuwa na pub zaidi ya elfu sitini, saa hii ziko kama elfu arobaini na tano. Sigara ilipigwa marufuku ndani 2007, bia ya supermarket ni bei ya kutupa, Covid ikaja, halafu bili ya gas na stima. Na pub nyingi za vijijini si za mwenye kuziendesha, ni za kampuni, wewe ni mpangaji na mkataba unakulazimisha ununue bia kwao kwa bei yao. Faida ya bia inaenda. Unabaki na nini? Jikoni.

Sasa rosti ya Jumapili inajaza pub siku moja pekee. Oveni, nyama, kazi ya asubuhi yote, halafu Jumatano kijiji kizima kina watu wanne ndani na mbwa. Chakula cha Asia kinajaza siku zingine, na pia takeaway. Hiyo ndio maths, na si Wanepali waliivumbua. London kuna Churchill Arms pale Kensington, pub ya Kiingereza kabisa imejaa maua nje, inauza chakula cha Thai tangu mwisho wa miaka ya 80. Huku kwetu West Midlands kuna pub za Wapunjabi, bia na mixed grill kwa chuma inayotoa moshi. Na hizo zilianza vibaya. Smethwick miaka ya 60 pub zilikuwa zinakataa kuhudumia mtu mweusi ama Mhindi kwa chumba kizuri, Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alikuja mwenyewe Februari 1965 akaingia pub ya Blue Gates akakataliwa hapo. Wahindi baadaye wakazinunua hizo pub. Ukiuliza mimi hiyo ndio njia safi ya kumaliza mabishano.

Na kwa menyu nyingi za hizo pub utapata chips za mogo. Muhogo wetu bana! Hiyo ilikuja na Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Amin 1972, na wale wa Kenya kabla yao.

Tajiri Mtarajiwa

Sawa nimekubali hesabu. Ila mi nina kitu kinanikera. Kwanini Mnepali lazima apike rosti ndo akubalike? Mwingereza akifungua hoteli Pokhara, mji wa Nepali, nani atamlazimisha auze dal bhat? Naona hapo ni kujishusha, unaweka chakula cha mwenye nyumba mbele ili chako kivumiliwe nyuma.

Wakili wa Kata

Hoja nzito hiyo Tajiri, na nadhani kuna ukweli. Masharti ya kuaminika yapo upande mmoja tu.

Mpishi Kiherehere

Tajiri nimelifikiria hilo tangu uandike. Nakubali nusu. Ni kweli hakuna kijiji kinachomuuliza Mwingereza kama atabakisha chakula chetu. Ila nikimwangalia yule mzee simuoni mtu aliyejishusha. Amekula rosti kwenye mesi ya jeshi tangu akiwa kijana, ni chakula chake pia, hajakiazima. Watoto wake wamezaliwa huku, Jumapili wanataka Yorkshire, Dashain wanataka mbuzi. Dashain ile sikukuu yao kubwa ya Septemba au Oktoba, pub inajaa Wanepali wa Farnborough wote, mabibi wanawapaka wajukuu tika nyekundu kwenye paji la uso, na wale wazee wa kijiji wamekaa pembeni na bia zao wakisubiri sahani ya mbuzi, na mwaka huu mmoja wao naye alipakwa tika akatoka nayo mpaka kituo cha basi. Sasa hapo nani yuko nyumbani kwa nani sijui.

Na kitu kingine, dal bhat ukimaliza wanakuongezea, ndo desturi yao. Rosti haiongezwi. Wale wazee walipogundua hilo, Jumatano ikanoga.

Nitakachokubali moja kwa moja ni bei. Rosti ni kati ya pauni 15 na 20 na hakuna anayelalamika. Dal bhat ambayo ina kazi zaidi ikipita 13 watu wanakunja uso. Hiyo dharau ipo, na haiko pub hii tu.

Dogo wa Mbagala

Wakuu siasa pembeni kidogo. Mi nina mguu wa mbuzi na oveni ya mama. Timur sina. Nifanyeje?

Mpishi Kiherehere

Dogo andika. Mguu wa kilo mbili hivi. Saga kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, giligilani, pilipili, chumvi, mafuta kidogo, toboa nyama paka mpaka ndani, lala nayo usiku. Mbuzi wetu ni mgumu kuliko kondoo wa huku kwahiyo usiige muda wa Waingereza. Weka kwenye trei na vitunguu na glasi ya maji, funika na foili, nyuzi 160, masaa matatu na nusu mpaka manne. Ikilainika fungua, pandisha moto mpaka 220, dakika 20 ipate rangi. Itoe ipumzike nusu saa, wewe usiichokoe!

Ule mchuzi uliobaki kwenye trei ondoa mafuta ya juu, kijiko cha unga, koroga motoni, ongeza supu. Timur ukikosa saga pilipili manga na ganda la ndimu kidogo, ganzi hutaipata ila harufu utaisogelea. Kariakoo kwenye maduka ya Wachina ulizia pilipili yao ya kutia ganzi, ni ndugu yake.

Achari: nyanya zichome kwenye moto mpaka ngozi iungue, twanga na kitunguu saumu, pilipili, chumvi, majani ya giligilani. Kaanga uwatu kwenye mafuta mpaka uwe mweusi kabisa, mwagia juu.

Dogo wa Mbagala

Uwatu mweusi? Si utakuwa mchungu?

Mpishi Kiherehere

Uchungu ndo unaotakiwa, kiasi kidogo. Nusu kijiko cha chai kwa nyanya sita, usizidishe.

Bi Mdogo wa Makadara

Dogo ukishaioka usiimalize Jumapili. Bakisha ufanye ile ya Jumatatu, mimi nitaifanya na mbuzi wa hitma iliyobaki wiki hii, ila chiura sina, nitaweka juu ya mkate wa mofa.

babu_keya

Mwanangu wa Makadara ukifanya hivyo utuambie.